Swali Alilotumwa Kabula

Minza mwanangu,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda sokoni kutafuta ndoo yenye mfuniko na shuka za kitanda cha chuo. Mkirudi, nyumba itajaa maneno mpaka saa ya safari, kwa hiyo nimekaa hapa barazani niandike wakati pametulia. Mambo ya godoro, ya chakula, ya kufunga sanduku na ya watu wa kuepukana nao njiani, mama yako anayajua kuliko mimi, na atakuambia mara tatu tatu. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba muda mrefu na nimechoka kulibeba, na sioni sawa uende kusomea ualimu wa kemia kabla hujajua baba yako aliifundishaje.

Wewe unamjua mzee anayerudi saa kumi na chaki kwenye mkono wa shati, anavua viatu mlangoni, anakaa bila kusema mpaka chai iletwe. Mama yako husema kazi imenila. Ni kweli, lakini si kazi peke yake.

Ulipokuwa na miaka mitatu hatukuwa hapa Nyasubi. Tulipanga vyumba viwili karibu na Nyarugusu, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya kata huko. Nilisomea Jiografia na Biolojia. Mwalimu wa kemia alipohama, mkuu wa shule aliniita ofisini.

"Wewe si ulisoma kemia mpaka kidato cha nne?"

"Nilisoma, mkuu."

"Basi shika kidato cha kwanza mpaka tupate mtu."

Mtu hakupatikana. Kila jioni nilisoma kurasa mbili za kitabu, kesho yake naingia darasani na hizo hizo mbili. Mwanafunzi akiuliza kitu cha ukurasa wa tatu nilikuwa na njia ya kujinusuru: nilimwambia arudie swali kwa Kiingereza. Kemia ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo nilionekana mwalimu mkali anayejali matokeo. Wale watoto wengi wao hata Kiswahili walikikuta shuleni. Nyumbani kwao ni Kisukuma. Hicho Kiingereza cha kuniuliza wangekitoa wapi? Wakanyamaza. Nami, Mungu anisamehe, nikaupenda ule ukimya wao.

Siku yenyewe nilikuwa nafundisha elementi, kampaundi na mchanganyiko. Niliandika ubaoni, wao wakanakili. Elementi ni kitu cha aina moja tu, huwezi kukivunja kikemia ukapata vitu vingine vilivyo sahili zaidi. Kampaundi ni elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia kwa kiasi maalumu. Mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vilivyowekwa pamoja bila kuungana hivyo, na unaweza kuvitenga kwa kuchuja, kuchekecha au kuvuta kwa sumaku. Sikuleta chumvi wala sumaku. Sikuleta hata konzi ya mchanga, na hapo nje ya dirisha makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yalikuwa yananguruma tangu asubuhi na kila nyumba ina kichuguu cha mchanga wake.

Kabula akanyoosha mkono. Alikuwa msichana mrefu, anakaa mstari wa nyuma, sauti yake nzito kidogo. Mama yake alikuwa mchenjuaji pale mwaloni, yaani mahali wanapooshea mchanga uliosagwa ili dhahabu ibaki chini.

"Mwalimu, samahani. Dhahabu ikishikana na zebaki, lile donge ni kampaundi au ni mchanganyiko?"

Darasa zima likainua vichwa. Tangu nianze kuwafundisha sikuwahi kuona macho yale. Hakuna mtoto mle ndani asiyelijua donge. Wazazi wao walimimina zebaki kwenye mchanga uliooshwa, inakamata chembe za dhahabu, wanaikamua kwa kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha, wanalichoma kwenye kikaango, dhahabu inabaki peke yake.

"Na likichomwa," akaendelea, "zebaki inakwenda wapi? Mama amenituma nikuulize."

Minza, sikujua. Lile la kwanza ni gumu mpaka leo. Kwa mtihani utasema ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, maana kiasi kinaweza kubadilika na moto unazitenga. Lakini wataalamu watakuambia kwamba ndani ya donge kuna sehemu ambazo dhahabu na zebaki zimeungana hasa. Hilo la pili, hata hivyo, ningeweza kulijibu. Zebaki ni elementi. Nilikuwa nimetoka kuandika ubaoni, kwa mkono wangu, kwamba elementi haivunjiki. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke ukigusa kitu baridi unarudi kuwa maji. Hilo wanalijua hata watoto wa darasa la tatu. Jibu lilikuwa mgongoni kwangu limeandikwa kwa chaki, nami sikugeuka.

Nikasema, "Uliza kwa Kiingereza."

Akajaribu. Akapata maneno mawili, la tatu likamkwama. Wenzake wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kwa woga. Nikamwambia asimame mpaka kengele ilie ili ajifunze kujiandaa kabla ya kuuliza. Akasimama.

Kengele ilipolia alinifuata mpaka mlango wa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, mama atanidai jibu nyumbani."

"Mama yako ana haja gani na kemia?"

Akanieleza. Kuna bibi mmoja jirani yao, mgeni aliyehamia kutoka machimbo mengine, alimwona mama yake anachoma donge nyuma ya nyumba, akamwambia ule moshi unaua, achomee mbali kabisa na watu. Mama Kabula kuchomea mbali hakutaka; ukichomea mbali unaonekana, na ukionekana unafuatwa na wezi. Alikuwa anafikiria kuingia jikoni na kufunga mlango. Ndipo akasema, kamuulize mwalimu wako, yeye amesoma.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Chai ya walimu ilikuwa tayari ndani. Nikamjibu, "Mwambie inaisha. Ikiungua inaisha, kama mafuta ya taa kwenye kibatari."

"Asante, mwalimu," akasema, akaenda.

Siku mbili baadaye nilifungua kitabu kutafuta jambo jingine nikakuta habari za zebaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ukiuvuta unaingia mapafuni, unakwenda kwenye damu, unafika kwenye ubongo. Ukipoa unatua kwenye bati la nyumba, kwenye sufuria, kwenye nguo. Nilisoma mara mbili, nikaelewa. Nikasema moyoni, Jumatatu nitamwita Kabula. Jumatatu ikafika, nikamwona uwanjani anafagia na wenzake, nikafikiria nitaanzaje. Kumwambia ingekuwa kukiri kwamba nilimsimamisha mbele ya darasa kwa swali ambalo mimi ndiye niliyeshindwa. Nikasema, Jumatano. Jumatano mvua ilianza, na ilinyesha wiki nzima bila kupumzika.

Wiki iliyofuata Kabula hakuja shule. Niliita mahudhurio, nikaweka alama kwamba hayupo, nikaendelea na somo. Siku ya nne rafiki yake akasema, "Mama yake anaumwa kifua, mwalimu, hawezi kulala chini."

Nilikwenda jioni ile. Nyumba ya tofali za tope, jiko limeunganishwa na chumba. Mama Kabula aliegemezwa ukutani na magunia mgongoni, anavuta pumzi fupi fupi. Fizi zilikuwa zinamtoka damu. Aliponiona alijaribu kuinuka kunipokea kwa heshima.

"Kaa, mayu," nikamwambia. Nilimwita mama, kwa Kisukuma, kama mtoto mwema.

"Wabeja, asante, mwalimu. Umekuja mwenyewe." Akakohoa mpaka machozi. "Zahanati wamesema ni baridi ya mvua. Lakini nadhani ni ule moshi. Nilichoma jikoni, nikafunga mlango, mvua ilikuwa inaingia. Labda nilikosea moto."

Alikuwa ananitazama akingoja nimwambie kama alikosea. Kabula alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji, naye ananitazama.

Nikasema, "Pole sana, mayu. Labda moto ulikuwa mkali mno."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nimesema mengi maishani mwangu, mazuri na mabaya, lakini hayo nayasikia kila siku kwa sauti yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga na mwenye haraka ya chai. Mara ya pili nilikuwa najua.

Nikawaelekeza waende hospitali kubwa, nikawaambia wasipike kwenye jiko lile, nikasingizia unyevu. Mama Kabula hakufa. Kifua kilipona taratibu, lakini mikono iliharibika. Ilianza kutetemeka, na mchenjuaji ambaye mikono yake inatetemeka hana kazi, maana chembe za dhahabu zinamwagika pamoja na maji. Kabula akachukua nafasi yake mwaloni. Hakurudi shule. Baada ya miezi michache niliomba uhamisho tukaja huku Kahama, hapa Nyasubi. Mama yako aliambiwa ni kwa sababu ya hali ya hewa, kwamba mtoto anaugua mafua kila mara. Mtoto huyo ni wewe. Nilikutumia wewe pia.

Huku nikawa mwalimu mzuri, watu wanasema. Niliisoma kemia upya kama mtu anayefukuzwa. Nikawa naingia darasani na chumvi, mchanga, maji, misumari yenye kutu, kipande cha sumaku kilichotoka kwenye spika mbovu. Nawapa mchanga na chumvi pamoja, nawaambia zitengeni, hawataki hata maelezo: wanatia maji, wanachuja, wanachemsha. Kisha nawapa chumvi peke yake, nawaambia itengeni. Wanachekecha, wanatia sumaku, wanachemsha, chumvi inabaki chumvi. Hapo ndipo naeleza kwamba ndani yake kuna metali inayolipuka ikiguswa na maji, na gesi inayochoma koo, na kwamba zilipoungana kila moja iliacha tabia yake tukapata kitu tunachotia kwenye mboga. Wanafunzi wanaipenda siku hiyo. Uliipenda hata wewe, nilipokufundishia pale jikoni ukiwa kidato cha kwanza, ukasema unataka kuwa kama mimi. Nilitoka nje. Ulidhani nimefurahi mno.

Kwa miaka yote hiyo sikwenda Nyarugusu hata mara moja.

Mwaka huu jina lako lilipotoka kwenye orodha ya chuo, ualimu, Kemia na Biolojia, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani wakaja. Mimi nilikosa usingizi siku tatu. Siku ya nne nikawaambia nakwenda kwenye msiba wa mwalimu mwenzangu. Nilirudi na viatu vya matope, sikula, ukaniuliza marehemu alikuwa nani, nikakujibu ni mtu wa zamani. Hakukuwa na msiba, mwanangu.

Nilimkuta Kabula mwaloni, buti za mvua mguuni, anasimamia wanawake saba au wanane. Ni mtu mzima sasa, ana watoto. Alinitambua kabla sijasema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kabula. Habari za miaka?"

"Za miaka ni nyingi. Unatafuta nani huku?"

"Nimekuja kujibu swali lako."

Akanitazama, akafuta mikono kwenye kanga. "Hilo nilishajibiwa. Nilipokuwa na miaka ishirini na tatu alikuja mtaalamu mmoja kutufundisha kuchomea kwenye chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kurudisha zebaki. Nikamuuliza inakwenda wapi. Akanijibu kwa dakika mbili tu. Kwa Kiswahili."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia kilichobaki: kwamba nilisoma jibu siku mbili baada ya kumdanganya, na sikumtafuta.

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

"Mvua ilikuwa bado haijaanza."

"Ilikuwa bado."

Wanawake wengine waliacha kazi wakatutazama. Nilidhani Kabula atanipiga, na nisingekwepa. Mwishowe akasema, "Mama yupo. Twende ukamwambie mwenyewe, mimi sitakusemea."

Mama Kabula amezeeka kuliko miaka yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili, na bado uji ulimwagika. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaeleza yote tangu mlango wa ofisi ya walimu mpaka ile jioni niliyomwambia moto ulikuwa mkali. Sikusoma uso wake. Niliangalia mkeka.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo sikukosea moto?"

"Hukukosea, mama. Hata ungekuwa mdogo vipi. Ulifanya nilichokuambia mimi."

Akaweka kikombe chini. Akamgeukia Kabula. "Umesikia? Sikukosea."

"Nimesikia, mama."

"Miaka yote nimejua ni mimi. Nimejua nilimtoa mwanangu shule kwa ujinga wangu wa kutokujua kuwasha moto." Akaanza kulia, bila sauti, ile mikono inatetemeka mapajani. Kabula akapiga magoti akamshika, naye analia. Kumbe walikuwa wamegombana kwa hilo, miaka na miaka, mtoto akimlaumu mama, mama akijilaumu, na kati yao kulikuwa na uongo wangu mimi ambaye nilikuwa huku mjini nasifiwa kwa kuchuja chumvi.

Niliomba msamaha. Hakunipa, wala hakuninyima. Alisema tu, "Kuna akina mama pale bado wanachomea ndani. Waambie wao. Mimi nimeshachelewa."

Kwa hiyo nakwenda. Sasa unajua ninakokwenda Jumamosi ninaposema nina masomo ya ziada. Nimekwenda mara nne. Kabula ndiye anayewakusanya. Na mimi hanisemeshi ila kwa shughuli. Naeleza kwa Kiswahili, nikikwama naeleza kwa Kisukuma, kwamba kuchomea nje hakutoshi kama huna chombo cha kufunika, kwamba kikaango cha donge kisirudi jikoni kamwe. Ni safari ya magari mawili na pikipiki, na mgongo wangu si wa safari hizo tena. Wengine wananisikiliza, wengine wanasema walichoma miaka yote na hawajafa.

Mara ya pili mwanamke mmoja mjamzito aliniuliza kama ule mvuke unamfikia mtoto tumboni. Nilihisi kitasa cha ule mlango mkononi mwangu, naapa. Nikasema, "Sijui, mama. Nitauliza, Jumamosi ijayo nitakuletea jibu." Wakaguna. Mmoja akasema mwalimu gani asiyejua. Niliona aibu, Minza, sitakudanganya. Aibu haikupungua kwa sababu nilisema kweli. Nikamuuliza daktari hapa mjini, akaniambia unamfikia. Jumamosi nilimpelekea jibu. Siku hizi anaosha mchanga tu, kuchoma amemwachia mwenye chombo.

Sikukuandikia haya ili unihurumie, wala sikuombi uniambie kitu ukishasoma. Utakuwa na darasa lako, na siku moja atasimama mtoto akuulize usichokijua, na nyuma yake kutakuwa na mtu nyumbani anayengoja. Hutamwona huyo mtu. Mimi sikumwona. Sina ushauri mkubwa kuliko huo, na hata huo umelipiwa kwa mikono ya mtu mwingine.

Mama yako nimemwambia jana. Aliuliza tu kama Mama Kabula ana mtu wa kumchotea maji. Leo hajanisemesha sana, utakuwa umeona. Usimlaumu, wala usijaribu kutupatanisha kwa simu. Muache achukue muda wake.

Nawasikia mnakuja, unacheka njia nzima. Kesho ni Jumamosi. Nitabeba sanduku lako mpaka stendi, nitasimama pale mpaka basi lako lipinde kona, halafu nitavuka upande wa pili nikapande la kuelekea Nyarugusu.

Ni mimi baba yako.